Magauni ya ujauzito baada ya kujifungua: fundi asishike mkasi kabla hujasoma hapa

Kitenge Kizee (mleta mada)

Wanajamvi habari za jioni. Mada ni ya akina mama, ila na kaka zetu mafundi karibuni, maana lawama nyingine ni zenu.

Juzi kazini mama anayetuletea chai kanishika mkono kwenye korido, akaniuliza kwa sauti ya huruma kabisa: "Mama, mwingine tena? Huyu si hata hajatembea?" Mwanangu ana miezi minane. Sina mimba. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililoshonesha mimba ikiwa na miezi mitano, na nilikuwa nimeshalipeleka kwa fundi hapa mtaani alipunguze. Kapunguza kweli. Kabana ubavuni huku na huku, kachukua elfu sita yake. Kiuno kikaonekana, lakini mbele likajaa hewa kama nimeficha hotpoti, na pindo la mbele linafagia viatu wakati la nyuma liko juu ya kifundo cha mguu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikalivua, nikalitandaza kitandani, nikalikunja mbele juu ya nyuma, bega kwa bega. Hapo ndipo nikaelewa. Kipande cha mbele kimekizidi cha nyuma karibu inchi tatu. Wala si kosa la aliyelishona mwanzo, gauni la mimba linatakiwa likatwe hivyo. Tumbo linakula kitambaa, kwa hiyo mbele huongezwa urefu ili pindo likae sawa mwenye tumbo akisimama. Tumbo likiondoka ule urefu hauna pa kwenda, unaporomoka. Ukibana ubavu peke yake umeshughulikia upana tu, urefu umeuacha vilevile, na mtu akikuona kwa mbali bado anahesabu miezi.

Gauni langu lina mshono chini ya matiti, halafu linashuka na marinda. Kwanza nilifumua kazi ya fundi yote, elfu sita ikaenda na maji. Halafu nikafumua ule mshono wa chini ya matiti, mbele tu, ubavu hadi ubavu, kwa wembe, uzi mmoja mmoja, mtoto amelala. Nikalivaa likiwa linaning'inia vile, mdogo wangu akavuta sketi ya mbele kwenda juu mpaka pindo likalingana na la nyuma, akachoma pini. Katikati ilipanda inchi mbili na nusu, ikawa inapungua kuelekea mbavuni mpaka ikaisha kabisa. Kwa hiyo mstari mpya haujanyooka, umepinda kama tumbo la mtumbwi. Nikashona hapo hapo, kisha ndiyo nikabana ubavu, inchi moja tu kila upande. Fundi alibana mbili na nusu kila upande na bado halikukaa.

Nilianzia juu na si kwenye pindo kwa sababu kitenge changu kina maua makubwa yanayotembea chini kwenye ukingo. Ukikata pindo umekata maua nusu, na toleo lile halipo tena dukani, nimeshazunguka.

Na sikukata. Kilichozidi nimekikunja kwa ndani nikakishikiza kwa mkono kwenye bitana ya kifua. Mwili wangu haujatulia bado, na sijaapa kwamba nimefunga uzazi.

Sasa nimebakiwa na gauni la kitambaa cha kuvutika lenye marinda ubavuni, madera mawili na suruali ya jinsi ya mpira wa tumbo niliyoichukua mtumbani. Wenzangu mlifanyaje? Picha sitaweka, ofisini kwetu wamo humu.

---

Mkwe Mtata

Mada nzuri lakini dada, Kariakoo gauni zuri unapata kwa elfu ishirini. Wembe, pini, mdogo mtu, fundi, yote hiyo ya nini?

---

Kitenge Kizee

Mkuu, elfu ishirini mara nguo tano ni laki moja. Diapers unaninunulia wewe? Na hizi nguo nimezivaa miezi minne tu, kitambaa bado kinalia kama kipya. Gauni la kitenge lile limekula yadi nne. Nikaligawe kwa sababu ya inchi mbili na nusu?

---

Nesi wa Zamu

Mleta mada umegusa kitu. Nitaongea upande wa mwili, wa cherehani nawaachia wenyewe.

Kizazi kinachukua kama wiki sita kurudi kwenye ukubwa wake. Ndiyo maana bibi zetu na arobaini yao hawakuwa wajinga. Kwa hiyo anayekimbilia kwa fundi wiki ya tatu anapima mwili ambao mwezi ujao haupo. Tumbo la wiki ya pili bado ni kama la miezi mitano sita, hilo ni la kawaida wala si uvivu wako. Misuli ya tumbo iliyoachana katikati nayo ina ratiba yake, kuna wanaochukua miezi mingi. Halafu kuna maji ya mwilini na uzito.

Kifua ndiyo usikiguse kabisa mpaka umwachishe mtoto. Nimeona mama kabana gauni kifuani mwezi wa pili, asubuhi likamkaa, saa nane mchana maziwa yamejaa hapumui. Kama ni lazima upime, pima maziwa yamejaa, ukiwa na sidiria ya kunyonyeshea unayoivaa kila siku.

Waliojifungua kwa upasuaji: mkanda mgumu wa suruali au sketi unakaa palepale penye kidonda. Wiki za mwanzo zile suruali za mpira wa tumbo ni rafiki yako, usizibadilishe haraka. Mshono wa tumbo upone kwanza, wa gauni utasubiri. Na kama kidonda kinavuta, kinatoa maji au kina joto, hilo ni la kurudi hospitali.

Na kwa walioajiriwa Tanzania, likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, mapacha 100. Ukirudi kazini una haki ya kwenda kunyonyesha, jumla isizidi saa mbili kwa siku. Kwa hiyo nguo ya kurudia kazini lazima ifunguke kifuani, hilo ndilo ningeanza nalo kabla ya kiuno. Gauni likikaa vizuri halafu likakulazimu ulivue lote stoo ili ukamue maziwa, utalichukia wiki ya kwanza.

---

Doti Moja

Nesi ungeniambia hayo 2021 ningeokoa jinsi yangu 😭

Niliipata Karume, kabla soko halijaungua Januari 2022. Mtumba grade one, ina ule mpira mpana mweusi unaopanda mpaka chini ya matiti. Mimba yote niliishi humo. Nilipojifungua nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia toa huu mpira uniwekee mkanda wa kawaida wa jinsi kama suruali za watu. Akatoa. Akaweka mkanda mzuri ajabu, na lupu za mshipi, na kifungo cha shaba. Nikafika nyumbani kuvaa, haipiti makalioni.

Nikavuta, nikaruka ruka, nikalala chali kitandani. Haipiti. Kumbe ile zipu ya mbele ilikuwa ya uongo! Imeshonwa juu kama pambo, haifunguki. Suruali nzima ilikuwa inategemea ule mpira kuvutika ili upite makalio. Fundi kaondoa kitu pekee kilichokuwa kinatanuka, kaweka ukuta. Kifungo cha shaba kinafungua hewa.

Nikarudi kwake. Akaitazama, akaitazama, akasema "dada umenenepa".

---

Fundi Mzee wa Tandika

Dada Doti Moja pole, huyo mwenzetu ametuaibisha. Kitu cha kwanza kwenye jinsi ya mjamzito ni kuangalia zipu. Nyingi ni za uongo kama ulivyosema. Na kitu cha pili, mbele imechongwa chini. Laza suruali mezani uone: nyuma inapanda kawaida, mbele imekatwa kama bakuli ili ikae chini ya tumbo. Ukitoa mpira ukaweka mkanda moja kwa moja, mbele itakaa chini ya kitovu mbali sana, ukiinama kila mtu anaona habari zako.

Mimi wakiniletea siondoi mpira. Naukunja kwa ndani mara mbili mpaka ubaki upana wa vidole vinne, napitisha ndani yake lastiki ya inchi moja na nusu, nazungusha. Lastiki nakata kiuno cha mteja kasoro inchi mbili au tatu. Blauzi ikishuka juu yake hakuna anayejua. Na siku akipata mimba tena, nafumua mshono mmoja tu, mpira unarudi juu.

Anayetaka ionekane jinsi kamili, hiyo ni kazi kubwa: afungue mbele awekewe zipu ya kweli, halafu aongezewe kipande cha jinsi pale palipochongwa. Kwa bei hiyo namwambia ukweli, nenda mtumbani kachukue nyingine.

Sasa mleta mada. Kazi yako ya kupandisha mbele kutoka chini ya matiti ni sahihi, na nakiri mafundi wengi tunabana ubavu tu kwa sababu mteja anakuja na neno moja, "punguza". Lakini nina ubishi na wewe. Kutokata. Inchi mbili na nusu za kitenge zilizokunjwa chini ya matiti, pamoja na marinda, ni tabaka ngapi hapo? Utavimba mahali ambapo unataka kuonekana mwembamba. Pasi haitalala. Mimi ningekata nikaacha inchi moja.

---

Kitenge Kizee

Kaka fundi nashukuru. Nimevimba kidogo kweli, sibishi. Lakini ukishaacha inchi moja ya mshono, nikishika mimba ile inchi moja na nusu naipata wapi? Kitambaa kikishakatwa hakioti.

---

Fundi Mzee wa Tandika

Basi tukutane katikati. Fumua marinda yalale, usiyakunje yakiwa yamevutwa. Yaani sketi ya mbele iwe kitambaa kilicholala, uchore mstari wako mpya kwa chaki, upige uzi wa marinda kwenye mstari huo mpya, uvute, ushone. Kile kilichobaki juu ya mstari hakitakuwa na marinda makali, kitalala. Kisha ukishikize kuelekea chini, kwenye sketi, si juu kwenye kifua. Kikishuka chini uzito wake unakivuta, kikipanda juu kinakunja shingo.

Na ule mshono wa ubavu upige kwa mishono mirefu, zungusha kile kirungu cha urefu wa mshono kwenye cherehani mpaka namba nne. Inashika vizuri kwa kuvaa, na siku ya kufumua unavuta uzi mmoja unakuja wote. Usipitishe ovaloki, ile cherehani ya kuzungushia kingo, juu yake, ovaloki ina kisu, itakukatia bila kukuuliza.

---

Kitenge Kizee

Kisu cha ovaloki! Sikuwaza kabisa. Asante, nafumua tena Jumamosi.

---

Pwani Tamu

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, huku dera ndiyo sare yetu, mwenye mimba na asiye na mimba, arusini na sokoni, kwa hiyo hakuna anayekuuliza kitu. Tumbo lako ni lako mwenyewe. Lakini ukitaka dera likupeleke kazini lahitaji kushikwa mahali, sivyo wajiona kama hema.

Dera wala si kazi ngumu. Ni kitambaa kipana kimekunjwa, kimetobolewa shingo, kimeshonwa mbavuni, basi. Mbele na nyuma ni sawa, kwa hiyo ile shida ya mleta mada ya mbele kuwa refu haipo. Dera lilikuwa kubwa tangu dukani, mimba imelikuta hivyohivyo.

Livae, jifunge kamba kiunoni juu yake, vuta nguo juu ya kamba mpaka pindo lifike unapopataka. Mtu akuchoree kwa chaki pale kamba ilipopita, MGONGONI TU. Kisha chukua ule mtandio uliokuja na dera, maana wengi hatuuvai, ukate utepe wa inchi moja na nusu, uushonee kwa ndani kwenye ile chaki kutoka ubavu hadi ubavu, upitishe lastiki nyembamba. Langu mgongo ulikuwa inchi thelathini, lastiki nimekata kumi na nne. Mgongo wakusanyika, kiuno chatoka, na mbele yashuka vilevile bila kushika tumbo. Hapo ndipo siri. Ukizungusha lastiki mpaka mbele, kitambaa chafura juu ya tumbo na yule mama wa chai atakuuliza tena.

Angalizo moja: madera mengi kitambaa chake chateleza na ni chepesi, cherehani yakimeza mwanzoni mwa mshono. Weka karatasi ya gazeti chini yake, ushone vyote pamoja, ukimaliza chana karatasi. Sindano iwe nyembamba, namba kumi na moja, na iwe mpya.

Na la kunyonyesha. Nimeweka zipu mbili za plastiki za inchi nane, zile zinazojificha, wima, kila moja kama inchi tatu na nusu kutoka katikati ya kifua. Nyuma ya kila zipu nimeshonea kipande cha ule mtandio. Mara ya kwanza sikuweka, meno ya zipu yakamkwaruza mtoto shavuni, akaacha kunyonya akanitazama kama mtu mzima.

---

Baba Subira

Swali la kijinga kidogo. Mke wangu amejifungua mwezi uliopita, nguo zake za zamani hazimwingii na hizi za mimba zinampwaya, kila asubuhi analia mbele ya kabati. Nimeona uzi huu nikasema nimsaidie. Nimpeleke kwa fundi kama zawadi?

---

Nesi wa Zamu

Si la kijinga hata kidogo. Ila mwezi mmoja, usimpeleke kwa fundi. Mpelekee mkanda wa kitambaa, au doti ya khanga. Khanga kiunoni juu ya dera inatosha mpaka arobaini ipite. Kama mama mkwe yupo atamfunga mkaja, mwambie asikaze mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kama alipasuliwa waulize kwanza hospitali. Kilio cha kila siku kikizidi wiki mbili au akiwa hapati usingizi hata mtoto akilala, mpeleke kliniki. Hilo halina uhusiano na kabati.

---

Baba Subira

Nimekupata dada nesi. Asante.

---

Mkwe Mtata

Uzi umekuwa mtamu, naomba kurekebisha maneno yangu ya mwanzo. Mke wangu amesoma ule mchango wangu wa elfu ishirini akanipa orodha yenye magauni sita.

---

Kitenge Kizee

😂😂 Ndiyo bei ya kuongea.

Nimerudi na habari ya lile gauni la kuvutika, lenye marinda ubavuni. Hili nililiogopa bure. Nilitaka kufumua marinda yale ili mbele ilale, nikafumua upande mmoja, kitambaa cha mbele kikatoka kirefu kuliko cha nyuma kwa inchi nne! Kumbe marinda yenyewe ndiyo yanayokusanya ule urefu wa tumbo. Yakiwa mahali pake mbele na nyuma zinalingana. Nikayarudisha kwa aibu.

Kwa hiyo lile halihitaji kupandishwa. Yale marinda tumbo likiwa limepungua yanakaa kama mapambo, na yanaficha kile kijitumbo kilichobaki kuliko gauni lolote nililonunua. Nimepunguza ubavu tu, nusu inchi kila upande, kuanzia chini ya kwapa hadi nyonga, na kwenye marinda nimepita polepole nikihakikisha hayajahama.

Tatizo likawa uzi. Cherehani yangu ni ya mama, ya miguu, inajua mshono ulionyooka tu. Nimeshona, nimevaa, nimekaa kwenye daladala, trrrk. Ubavu umeachia kutoka kwapani mpaka kiunoni. Namshukuru Mungu nilikuwa na mtandio.

---

Fundi Mzee wa Tandika

Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, lazima mmoja akatike. Ukiwa na cherehani ya mshono ulionyooka, shika kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, kivute kidogo wakati unashona. Kidogo, siyo mpaka kitoe mawimbi. Mshono ukiachiwa unajikusanya, ndiyo akiba yake. Legeza uzi wa juu nusu mzunguko. Na sindano tafuta ile ya ncha ya mviringo, dukani waambie ya tisheti. Ya kawaida inatoboa nyuzi za kitambaa, baada ya kufua mara tatu unaona vitundu vimejipanga.

Wenye cherehani ya zigizaga wasihangaike, zigizaga nyembamba inamaliza.

---

Doti Moja

Fundi uko Tandika sehemu gani? Jinsi yangu ninayo bado, sikuitupa.

---

Fundi Mzee wa Tandika

Njoo sanduku la ujumbe dada. Njoo nayo na kile kifungo cha shaba.

---

Kitenge Kizee

MREJESHO, miezi mitatu baadaye

Wakuu salamu. Lile gauni la kitenge nilifanya kama fundi alivyosema, marinda yakalala, uvimbe ukaisha, nimelivaa kazini karibu kila wiki. Mama wa chai hajaniuliza tena.

Wiki iliyopita mdogo wangu, yule aliyenichomea pini, kaja nyumbani Jumapili. Kakaa, kala, kaosha vyombo bila kuambiwa, nikajua kuna jambo. Ana miezi minne. Na anataka gauni.

---

Mkwe Mtata

Nguo ya kuazima haisitiri matako 😂

---

Kitenge Kizee

Hili litasitiri, lina yadi nne.

Nilichukua wembe, nikakaa mlangoni penye mwanga. Ubavu ulifumuka kwa kuvuta uzi mmoja, kama fundi alivyoahidi, namba nne oyee. Pale chini ya matiti palinichukua muda kidogo. Kazi yote haikufika saa moja, mwanangu anatambaa pembeni anakusanya vipande vya uzi ale.

Lakini jamani kuna vitu viwili sikuvitarajia. Kwanza, mkunjo. Pale kitambaa kilipokunjwa pamebaki mstari, nimepiga pasi na maji hautoki. Pili, rangi. Kile kipande kilichokuwa kimejificha ndani hakijaona jua miezi yote hii, kimekoza, na nje kumepauka kwa kuanikwa. Kwa hiyo sasa kifuani kuna tabasamu la bluu iliyokoza, pana inchi mbili na nusu katikati.

Kaka fundi?

---

Fundi Mzee wa Tandika

Mkunjo unatoka. Kijiko kimoja cha siki nyeupe kwenye kikombe cha maji, chovya kitambaa chembamba, kikamue, kitandaze juu ya mkunjo, pasi ya moto ishuke na ikae, usisugue. Rudia mara mbili tatu. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo uone kama rangi haichuji.

Rangi haitoki, sikudanganyi. Ungekuwa unaanika kwa kugeuza ndani nje isingefika hapo. Ila mstari huo uko wapi akiwa amevaa?

---

Kitenge Kizee

Siki imefanya kazi, mkunjo umekwenda. Nyumba nzima inanuka kachumbari.

Mstari wa bluu uko juu kabisa ya tumbo, chini ya matiti. Nilimwambia nimshonee utepe wa kitenge kingine juu yake uufiche, akakataa, anasema ndiyo mtindo, watu watadhani nililipia. Jana kalivaa kliniki. Mbele limekaa sawa na nyuma, pindo moja kwa moja, maua yote yanaonekana.

Ameniuliza kama akijifungua anaweza kulipeleka kwa fundi wake alipunguze. Nimemwambia alilete hapa, na pini zake.